Mayai Mfukoni, Ndengu Bila Maganda

Nyinyi wa Gredi ya Kumi, sogeeni hapa mkae kimya, mzee anataka kuongea. Mzee ni mimi, Mwikali wa kidato cha nne. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Sikuandaliwa sherehe, wala sikupewa blanketi na saa ya ukutani kama wanavyopewa walimu, lakini kazi nimeifanya miaka mitatu bila likizo, na bega langu la kushoto limeshuka kwa sababu ya mkoba.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta kitu cha kula chenye protini, kinachobebeka, kisichooza kabla ya saa saba mchana, na ambacho utumbo wangu hautakikataa mbele ya watu. Mkiona ni rahisi ni kwa sababu nyinyi mna matumbo ya adabu. Mnakula githeri ya shule, mahindi na maharagwe na maganda yake, mnateuka, mnaenda kucheza. Tumbo langu huuliza kwanza: hii ni nini, nani ameipika, na kwa nini ina maganda.

Ugonjwa wangu una jina refu ambalo daktari alituandikia kwenye karatasi, mama akaikunja akaiweka ndani ya Biblia, labda asome mwingine aliye juu. Kwa ufupi, utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda, unatulia, halafu siku moja unaamka tena bila notisi. Kabla ya kulijua hilo jina nilitibiwa taifodi mara tano. Kibera ukishika tumbo tu, kila mtu ni daktari na jibu ni taifodi. Mara ya tano nilimwambia mwenye duka la dawa kwamba hiyo taifodi imekaa kwetu sana, ianze kulipa kodi. Hakucheka. Alinipa vidonge.

Kabla ya makosa yangu, jueni kwanza nilichokuwa naogopa. Mwaka jana, muhula wa pili, nilipimwa kliniki nikapatikana na kilo thelathini na tisa. Daktari akasema nirudi kila mwezi, na baada ya miezi mitatu awe ameona arobaini na mbili. Mama hakusema kitu mbele yake. Mama ni fundi wa cherehani kule Laini Saba, kando ya reli, na akiwa na jambo zito hulibana mdomoni kama pini. Tulipofika nyumbani Kianda, huko Kibera, akalitoa.

"Mwikali, mimi naondoka asubuhi narudi jioni. Sijui unakula nini mchana. Usipofika hiyo arobaini na mbili, unaenda Kitui kwa Susu. Shule utamalizia huko."

Susu ni nyanya yangu, mama yake mama. Nampenda. Lakini mimi nimezaliwa Kianda. Marafiki zangu wote wako hapa, shule yangu iko Kawangware, na kule Kitui choo cha Susu kiko nyuma ya zizi, mbali na nyumba, na katikati kuna mbwa ambaye hajawahi kunipenda. Mtu wa ugonjwa wangu hawezi kuwekewa mbwa katikati. Basi hiyo ndiyo ilikuwa vita yangu: kilo tatu, au Kitui.

Na shule ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Natoka Kianda, napita Olympic, navuka Ngong Road, nashuka mpaka Kawangware. Wengine huijua njia hiyo kwa maduka. Mimi niliijua kwa vyoo. Nilijua ni kipi kina maji, ni kipi mlango wake haufungi, na mzee wa choo gani anaweza kukuruhusu kwanza kisha muongee pesa. Hilo ni somo la kwanza na halimo kwenye silabasi: kabla ya kujua utakula nini, jua ukikosea utakimbilia wapi.

Nilianza na njugu karanga, kama kila mjinga. Ni protini, ziko kwa kikaratasi, zinatafunika ukitembea. Nilizimaliza nikiwa Olympic nikijipongeza. Nilipofika Ngong Road nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, hatua ndogo, shingo imenyooka, siongei. Mwanamke mmoja aliniambia, "Msichana, una heshima sana wewe." Sikuwa na heshima, mama. Nilikuwa nimebana.

Baadaye nikaja kwa mayai. Sasa hapa andikeni, kwa sababu kosa hili bado naona watu wakilifanya hapo Kawangware kila asubuhi. Tumbo langu halitaki pilipili, na nyanya na vitunguu vibichi halivipendi pia. Kwa hivyo nilikuwa namwambia muuza mayai, "Niwekee bila kachumbari, bila pilipili." Ananiambia sawa. Nakula. Kufika darasani, hesabu kipindi cha kwanza, mkono juu, "Mwalimu, naomba kutoka." Wiki nzima. Nikaanza kuamini mayai yananichukia.

Siku moja nikasimama nikamtazama akifanya kazi. Yule jamaa ana kisu kimoja. Kinakata nyanya, kinapasua soseji za smoki, kinachota pilipili, kinafutwa kwenye kitambaa ambacho nacho ni pilipili tupu, halafu kinapasua yai langu la "bila pilipili". Nilikuwa nakula pilipili ya kisu.

Nikamwambia, "Leo nipe na ganda lake."

"Na nani atakumenyea?"

"Nitajimenyea."

"Unaniogopa?"

"Nakiogopa kisu."

Alikitazama kisu chake kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ni mwizi. Lakini akanipa yai na ganda, na siku hiyo nilikaa hesabu nzima bila kutoka. Sikuelewa hesabu, lakini nilikuwepo. Tangu hapo sheria yangu ni hii: yai la kubeba lichemshwe mpaka liwe gumu kabisa, libaki na ganda, liingie kwenye soksi safi, soksi iingie kwenye mkebe. Usiliweke kwenye mfuko wa sweta. Nililiweka siku ya mechi ya voliboli, nikaruka, nikatua, na mpaka leo ile sweta ikinyeshewa ina kumbukumbu.

Kulikuwa pia na maziwa lala, yale ya mgando. Niliyabeba kwenye chupa, na wauzaji hawakwambii kwamba ukiyatembeza juani kutoka Kianda hadi Kawangware yanaamka. Chupa ilifungukia ndani ya mkoba. Kitabu changu cha historia kina kurasa za ukoloni ambazo mpaka sasa hazifunguki, na sijawahi kujua uliishaje. Omena nazo, wale dagaa wa ziwani, nilizikaanga kavu nikazisaga unga, nikaweka kwenye mkebe wa majani ya chai, nikawa naramba kwa kijiko mwalimu akigeuka. Tumbo lilizikubali kabisa. Darasa ndilo lilikataa. Ilikuwa kipindi cha kemia. Mwalimu alinusa, akafunga gesi, akafungua madirisha yote, akatutoa nje kwa usalama wetu. Tulisimama uwanjani dakika ishirini mimi nikiwa wa kwanza kuuliza, "Jameni, ni nini hiyo?"

Mnaona mimi ni mtu wa mzaha. Shida ya mzaha ni kwamba mizani haiucheki. Kliniki ya mwezi wa kwanza ilipokaribia nilijua sijaongeza kitu, kwa hivyo nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nilienda Laini Saba kumpelekea mama chakula, nikarudi na kokoto kumi kubwa za reli. Asubuhi ya kliniki nikazifunga na leso kiunoni, juu yake sketi, juu yake sweta. Nikaona bado. Nikachukua kufuli la sanduku. Nikamwambia mama, "Tangulia, mimi nitafunga mlango," nikachukua na kufuli la mlango. Mlango nikaufunga kwa kamba ya kiatu.

Sista wa kliniki akanipandisha kwenye mizani. Arobaini na nne.

"Mwezi uliopita ulikuwa thelathini na tisa," akasema. "Umekula nini?"

"Mayai, sista."

Leso ikalegea. Kokoto moja ikateleza kwenye sketi ikaangukia mizani, ikadunda, ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha mama.

Sista akaiokota, akaipima kwa kiganja. "Hili lilichemshwa sana."

Nilitoa zote. Nikatoa na makufuli mawili, mama akayatambua moja baada ya jingine. Nikapanda tena. Thelathini na nane. Nilikuwa nimeshuka.

Daktari hakunigombeza, na hapo ndipo niliposhtuka. Alisema polepole, "Dawa yako tunaipima kwa kilo zako. Leo ningekuandikia dawa ya mtu wa kilo arobaini na nne ambaye hayuko. Wewe ungeimeza." Tukarudi nyumbani. Tulikuta mwenye nyumba wetu, Mama Halima, Mnubi wa hapo hapo Kibera, ameketi kwa kiti mlangoni petu tangu asubuhi.

"Nimeona mlango umefungwa na kamba ya kiatu," akasema. "Nikajua kuna mtu amekufa ama kuna mtu ni mjinga."

"Hakuna aliyekufa," mama akamjibu, akaingia ndani akapiga simu Kitui.

Susu alifika baada ya siku tatu na gunia dogo la ndengu begani. Mpango wao ulikuwa akae nasi mpaka kliniki ya mwisho, na nisipofika, aondoke nami. Alinishika mkono akauzungushia kidole gumba na cha shahada. Vilikutana na nafasi ikabaki.

"Huyu ndiye mnasema anakula?" akamwuliza mama.

Jioni hiyo akapika ndengu. Kitui ndengu si chakula, ni cheti cha kuzaliwa. Nikamwambia siwezi. Nikamweleza kwamba mimi kunde na maharagwe na ndengu vinanipiga vita kwa sababu ya yale maganda, yanapita kwenye vidonda kama kucha.

Susu akaweka mwiko chini. "Kwani nani alisema ndengu lazima iwe na ganda? Mahindi ya muthokoi si tunayavua?"

Kama hujalelewa na Wakamba, muthokoi ni mahindi yaliyolowanishwa na kutwangwa kwenye kinu mpaka ngozi ikatoka, ndipo yakapikwa. Bibi zetu wamefanya hivyo tangu zamani, na mimi nimekula muthokoi maisha yangu yote bila kujiuliza ile ngozi ilienda wapi. Dawa ya tatizo langu ilikuwa kwenye ukoo wangu, na mimi nilikuwa nasaga omena.

Lakini kinu hatukuwa nacho. Mama Halima alikuwa nacho, kikubwa, cha kutwangia viungo vya harusi. Alikikopesha kwa sharti moja: atazame. Susu alizitwanga ndengu kidogo tu zipasuke, akaziloweka usiku kucha, asubuhi akazisugua kwa viganja ndani ya maji. Maganda yakaelea kijani, akayamwaga, akasugua tena, mpaka zikabaki ndengu za manjano, uchi kabisa. Akazitwanga zikawa rojo, akatia mayai mawili na chumvi, akataka kukaanga.

"Usimkaangie," Mama Halima akasema. "Mafuta mengi yatamsumbua. Weka kwa sufuria, makaa chini kidogo, juu ya kifuniko mengi."

"Mimi napika tangu kabla hujazaliwa," Susu akasema.

"Sasa pika na makaa juu."

Walibishana mpaka makaa yakashika, halafu wakapika kwa njia ya Mama Halima huku Susu akidai ndiyo aliyokuwa anaitaka. Vikatoka vikate vidogo vya ukubwa wa kiganja. Vya kwanza vilikuwa vigumu sana, nikamtupia paka wa ploti, akavikwepa. Vya pili viliiva.

Sikuvivamia. Hili ndilo nilijifunza kwa jasho: kitu kipya, kimoja kwa siku, kipande kama kidole gumba, halafu subiri mpaka kesho. Ukijaribu vitu vitatu pamoja na tumbo likapinduka, hutajua mhalifu ni nani. Nilikuwa na daftari la kuandika, nikaandika "ndengu ya Susu, kipande kimoja, amani." Kesho yake vipande viwili, amani. Na msije mkaniambia Mwikali alisema ndengu ni nzuri. Tumbo langu si lako. Mpelekee daktari wako habari za tumbo lako, yeye ndiye alisomea.

Wiki hiyo nilianza kubeba vikate vinne kwenda shule, na hapo nikakutana na sheria ya darasa letu, ambayo nyinyi pia mnayo: ukionekana unakula, unagawa. Asiyegawa ni mnyimi, na jina la mnyimi likikushika unazikwa nalo. Deski la nyuma yangu kuna Brayo, ambaye pua yake inasikia chakula kabla hakijatoka kwenye mkoba.

"Mwikali, gawa."

Nagawa. Anamwambia jirani, jirani anamwambia jirani. Nabaki na makombo, nafanya mzaha kuhusu makombo, wanacheka, nafunga mkebe. Siku kumi hivyo. Hakuna mtu shuleni aliyejua ninaumwa. Nilikuwa nimewaambia safari zangu za choo ni kwa sababu ya uvivu, wakaniamini kwa urahisi ulioniuma kidogo.

Susu alikuwa ananipima mkono kwa vidole kila jioni. Siku moja vilikutana pale pale pa siku ya kwanza.

"Vile vikate vinaliwa na nani?"

"Na mimi, Susu."

"Basi wewe una tumbo lingine liko shuleni. Lilete nilione."

Usiku nilihesabu siku zilizobaki, nikaona yule mbwa wa Kitui. Kesho yake saa nne nikafungua mkebe, na mkono wa Brayo ukafika kabla ya kifuniko.

"Leo sigawi," nikasema.

"Mnyimi."

"Sawa, mimi ni mnyimi. Hii ni dawa yangu."

Wakacheka, kwa sababu ni mimi. Miaka miwili nimewachekesha, sasa nasema ukweli na wanaona ni kali kuliko zote. Ikabidi niseme tena, polepole, huku nimekishika kikate kama mtu anayeapa. "Nina ugonjwa wa utumbo. Nikikosa hii nashuka kilo. Nikishuka napelekwa Kitui, na sitarudi hapa."

Brayo akarudisha mkono wake taratibu.

"Kwa hivyo zile safari zako za choo…"

"Ndio."

"Wengine wetu tulisema una chali unayekutana naye huko nyuma."

"Chali wangu ni mlango unaofungika."

Hakuna aliyecheka mpaka nilipoanza mimi. Halafu Brayo akageukia deski zingine akatangaza, kwa sauti ile ya kiranja ambaye hajawahi kuchaguliwa, kwamba mkebe wangu umetoka kwenye sheria ya kugawa, na mwenye swali amwone yeye. Siku iliyofuata alinirushia kitu kimefungwa na gazeti. Yai, na ganda lake. "Nilimwambia asikate," akasema, akaanza kusoma kitabu kilichopinduka ili asishukuriwe.

Wiki zilizobaki nilikula vikate vinne na mayai mawili kila siku ya shule. Dawa nayo ilikuwa imeanza kushika, na safari zikapungua. Nililala, nikaamka, nikameza, nikatafuna, nikawa mtu wa kuchosha kabisa.

Kliniki ya mwisho tulienda watatu. Sista alinivua sweta mwenyewe, akanipapasa kiuno mara mbili kama askari. Nikapanda. Mshale ukatikisika ukatulia.

Arobaini na moja na nusu.

Daktari alifurahi. Alisema kutoka thelathini na nane kufika hapo ni kazi nzuri, kwamba damu yangu pia ni nzuri, kwamba tuendelee hivi hivi. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa namtazama mama, na mama alikuwa anaitazama ile mizani.

"Tulisema arobaini na mbili," akasema.

Nusu kilo. Nilifikiria ile kokoto moja tu.

"Mama, nusu kilo ni…"

"Tulisema, Mwikali." Halafu akamgeukia Susu, sauti imeshuka, akamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, tulikubaliana. Utamchukua Jumamosi."

Susu alikuwa kwenye benchi, mkoba wake magotini, viatu vya kanisani miguuni. "Simchukui," akasema.

"Mwaitu?"

"Tulikubaliana kabla sijalala naye chumba kimoja. Huyu mtoto anaongea kuanzia chai mpaka taa izimwe. Taa ikizimwa anaongea na ukuta. Mimi nina mbuzi kumi na moja waliozoea amani." Akasimama, akajinyoosha sketi. "Ndengu nitatuma kila mwezi. Kutwanga mama yake sasa anajua. Yeye abaki hapa hapa, na wale wenzake wanaomsikiliza."

Daktari aliinua faili langu akajifunika uso nalo. Mama alibana midomo, na safari hii haikuwa pini. Nilifungua mdomo kujitetea, maana nilikuwa na hoja tatu nzuri kabisa, moja kuhusu wale mbuzi. Nikamtazama Susu. Nikaufunga.

"Kumbe anaweza," Susu akasema, akatangulia mlangoni.